Kabla Hujajisifu Saa: Mwongozo wa Kufunga Mwaka kwa Rubani

Mwongozo huu ni wa rubani anayeruka kwa fedha yake mwenyewe: yule aliyeandika malengo Januari, akayabandika kwenye mlango wa friji, na sasa ni Desemba na nyumba nzima imeyasoma. Mwenzio anajua ulisema utafika Lamu. Watoto wanajua. Shemeji wa Malindi anauliza tangu Pasaka utatua lini. Imebaki kazi moja, kukaa na daftari lako la safari ujue umekuwa rubani wa namna gani mwaka huu, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Kwanza weka simu mbali. Picha hazina nafasi katika kikao hiki. Picha ya Kilimanjaro iliyopigwa kupitia dirisha la Cessna inathibitisha kwamba Kilimanjaro ipo, jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Haionyeshi ulitua vipi saa moja baadaye. Leta mezani daftari, kalamu, na ile karatasi ya mlangoni yenyewe. Nasema yenyewe kwa sababu marubani wengi huwa na karatasi ya pili, iliyoandikwa Juni au Julai, ambayo malengo yake yamepunguzwa kimyakimya mpaka yakatoshea yale yaliyokwisha kufanyika.

Jumlisha saa zako. Fanya haraka, andika jumla kwenye kona ya karatasi, usirudi tena hapo. Saa zina kazi yake: viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi na 200 kwa leseni ya biashara, zikipungua kwa anayesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na mwenye kupanda ngazi hiyo hana budi kuzihesabu moja moja. Lakini wewe uliyekwisha kupata leseni, unayeruka Jumamosi kwa sababu unapenda, saa zinaeleza zaidi habari za mfuko wako kuliko za mikono yako. Ukiuzunguka uwanja wa Wilson asubuhi zilezile tulivu, upepo uleule, njia ileile, mwaka mzima, daftari litanenepa na wewe utabaki ulipokuwa.

Atakayebisha namwelekeza kwa Wilbur na Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, North Carolina, waliruka mara 4. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12, na ndefu kuliko zote sekunde 59. Kisha upepo ukaipindua ndege ikiwa imeegeshwa, ikavunjika, wakafunga mizigo kurudi Ohio. Mwaka wao wote wa kuruka kwa injini haukufika dakika 2. Hakuna klabu ya marubani ambayo ingewapa kikombe cha saa nyingi.

Mimi huvutiwa zaidi na walivyofunga mwaka wa 1901. Ndege yao isiyo na injini ilikuwa imebeba uzito pungufu sana ya walivyokokotoa kwa kutumia majedwali ya Mjerumani Otto Lilienthal. Wangeweza kuulaumu upepo, ambao kule unatosha kulaumiwa. Badala yake walirudi Dayton, wakatengeneza sanduku la kupitishia upepo kwenye karakana yao ya baiskeli, wakapima vielelezo vya mbawa vipatavyo 200 hadi wakajua namba zipi za kuaminiwa. Ndege ya 1902 ilitokana na vipimo hivyo, na ile ya 1903 ikatokana na ya 1902. Mwaka unafungwa hivyo: tulitaka hili, tukapata hili, tofauti imetoka wapi. Swali hilo la tatu ndilo la kushughulika nalo mpaka chai ipoe.

Sasa tafuta pengo. Pitisha kidole kwenye safu ya tarehe ukisake kipindi kirefu kuliko vyote ambacho hukugusa ndege. Kwa wengi wanaoruka kutoka Nairobi kitaangukia kati ya Machi na Mei, masika yakishuka, mawingu yakikaa chini, na viwanja vya udongo mweusi vikinata kwenye magurudumu. Kanuni za nchi nyingi zinamtaka rubani anayebeba abiria awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mtu anaweza kukitimiza kwa nusu saa ya Jumamosi moja, akakaa wiki 12 bila kushika usukani, na sheria bado ikamruhusu kumpakia mama yake na shangazi wawili kwenda Mara.

Kwa hiyo jiulize pengo lilipokwisha ulifanya nini. Safari ya kwanza baada ya kimya kile, kiti cha kulia alikaa nani? Kama ni mkufunzi, weka alama ya vema na uendelee. Kama ni binamu aliyekuja likizo kutoka Dubai, amenyoosha simu anapiga video, basi lengo lako la kwanza la mwaka ujao umeshalipata, na hatujafika hata nusu ya mwongozo.

Rudi kwenye karatasi ya mlangoni. Mbele ya kila lengo andika aliyekuwa na uamuzi: mimi, anga, fundi, au benki. Kufika Lamu kabla ya Agosti ni lengo la anga. Kufikisha saa 100 ni lengo la benki. Kupata kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo kuna mkono wako, wa mkufunzi, wa mtahini, na wa fundi aliyeifungua injini ya ndege ya mafunzo wiki ileile uliyojipangia. Kutua kwenye mstari ulioutaja kabla ya kushuka, kwa kasi uliyoichagua, ni lako peke yako. Ukimaliza utaona jambo ambalo nimeliona kwenye karatasi za marubani wengi: malengo ambayo kwa kweli ni ya rubani ni machache, na mara nyingi yako chini kabisa, yameandikwa kwa herufi ndogo.

Nina ugomvi wa dhati na malengo ya mahali na tarehe, na hapa nitakaa kidogo. Lengo la aina hiyo hupanda ndege pamoja nawe. Halilipi mafuta, halisomi ramani, ila kila wingu linapotokea lina maoni, na maoni yake ni yaleyale: twende.

Chukua asubuhi ya Julai pale Wilson. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake vilima vya Ngong vinapanda hadi mita 2,460, zaidi ya futi 8,000. Msimu huo wingu la asubuhi hupenda kuvilalia vilima vile, huku upande wa pili Bonde la Ufa likiwa wazi na jua likiwaka mpaka Magadi. Kila rubani wa Wilson analijua hilo, na huko kujua ndiko kunakomponza: ni dakika chache tu ndani ya wingu, kisha tumetoka.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa vyombo, wakawazuia wasione nje kana kwamba wameingia winguni, wakapima kila mmoja angeimudu ndege kwa muda gani. Wote 20 walishindwa kuimudu. Wastani ulikuwa sekunde 178. Sababu yake iko ndani ya sikio. Linapokosa upeo wa macho wa kulisahihisha, huapa kwamba ndege imenyooka hali imelala ubavu na inazunguka ikishuka. Rubani anaona urefu unapungua, anauvuta usukani, na mzunguko unazidi kukaza. Sekunde 178 hazijai dakika 3. "Dakika chache tu" ndizo hizohizo. Karatasi iliyoandikwa Januari sebuleni haiwezi kuyajua haya, na kwa sababu hiyo haifai kuachiwa uamuzi wa Julai.

Basi fungua ukurasa mpya mwishoni mwa daftari, ambao mchapishaji hakuutengeneza, uandike safari ambazo hukuruka. Tarehe, ulikotaka kwenda, ulichokiona, na saa uliyoamua. Saa ya uamuzi ina thamani kubwa: rubani aliyeghairi akiwa bado nyumbani saa kumi na mbili asubuhi hakuamua sawa na yule aliyeghairi abiria wakiwa wamefunga mikanda, ingawa wote walibaki chini. Andika pia safari ulizogeuza njiani, na kila mara ulipoacha kutua ukapaa tena. Ulipopita juu ya kiwanja cha Mara ukawakuta pundamilia wamesimama katikati, ukazunguka, ukarudi wakiwa hawajasogea, ukaenda kiwanja kingine: hiyo inastahili mistari miwili mizima. Ukurasa huo ukiwa mtupu baada ya mwaka wa Afrika Mashariki, na masika yake na vuli yake, kaa nao muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Baada ya hapo njoo kwenye hesabu. Chagua safari kadhaa za mchana wenye joto, utafute karatasi ulizokokotolea umbali wa kupaa. Najua unalijua jedwali. Swali ni kama ulilifungua. Hewa ya kipimo cha kimataifa ni nyuzi 15 usawa wa bahari, ikipungua nyuzi 2 hivi kwa kila futi 1,000. Kwa futi 5,500 ilitakiwa iwe nyuzi 4. Mchana wa Februari Nairobi ukifika nyuzi 26, umezidi kwa nyuzi 22, na kila nyuzi iliyozidi huongeza futi 120 hivi kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi. Fanya jumla: injini, propela na mbawa vinafanya kazi kana kwamba viko zaidi ya futi 8,000. Yaani ndege yako imeshafika kilele cha Ngong, na bado uko kwenye lami hujaachia breki. Hapo ndipo watu wazima wanne, mizigo ya sikukuu na matangi yaliyojaa vinapoonekana ni vingi. Cessna 172 iliyopaa vizuri alfajiri na mtu mmoja huwa ndege nyingine kabisa saa nane mchana. Kama ulipunguza petroli kwenye mchanganyiko kabla ya kupaa, ukapima uzito, ukaamua mapema ni wapi kwenye njia utakatiza mbio ikiwa haijafikia kasi, andika hivyo. Hayo ni mafanikio, na hakuna atakayekupigia makofi isipokuwa karatasi hii.

Kutua nako kuna hesabu yake, na marubani wa nyanda za juu tunaijua nusu. Kwenye mwinuko, kasi halisi huizidi ile ya kwenye kipimo kwa asilimia 2 hivi kila futi 1,000. Macho yaliyozoea Wilson yamezoea ardhi inayokimbia. Yakishuka Malindi au Ukunda, usawa wa bahari, kwa kipimo kilekile cha kasi, yanaona ardhi inapita polepole, na mkono unaongeza kasi bila kuamriwa. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama huongezeka kwa asilimia 20 hivi, maana nguvu ya mwendo huenda kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo usiandike tu kwamba ulitua pwani. Andika ulivuka kichwa cha njia kwa kasi gani, na magurudumu yaligusa wapi ukilinganisha na pale ulipokusudia. Asiyekumbuka hayo kwa safari hata moja ya mwaka mzima ana lengo la pili la mwaka ujao.

Na pwani kuna pepo zenye majina. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, kusi ikishika zamu kuanzia Aprili, mabaharia walipanga mwaka wao kwa pepo hizo karne nyingi kabla ya ndege, na rubani anayekwenda huko bila kujua ni zamu ya nani hajajiandaa. Upepo unaoikata njia kwa nyuzi 30 hukupiga ubavuni kwa nusu ya nguvu yake; kwa nyuzi 45, kwa sehemu 7 kati ya 10. Kitabu cha Cessna 172 kinataja noti 15, yaani kilomita 28 hivi kwa saa, kuwa upepo wa ubavuni ulioonyeshwa katika majaribio. Aliyeuonyesha alikuwa rubani wa majaribio. Kiwango chako wewe kiko kwenye daftari: angalia upepo mkali kuliko wote uliotua nao mwaka huu ukaiweka ndege katikati ya njia, na hicho ndicho kiwango, hata kama ni noti 7. Kukipandisha hadi 10, mkufunzi akiwa kando, ni lengo la mwaka mzima na halina aibu.

Malengo uliyoyakosa yaandikie sababu kwa jina lake. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza kuruka Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, peke yake ndani ya Percival Vega Gull, akiielekea New York. Baada ya zaidi ya saa 20, barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi, injini ikakosa mafuta, na ndege ikaingiza pua kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada. New York hakuifikia kwa ndege ile, na akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Watu hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Mimi nataka uishike ile barafu. Sababu ya kuikosa New York ina mahali pake kwenye ndege. Fundi anaweza kuionyesha kwa kidole. "Mwaka ulikuwa mgumu" haionyesheki kwa kidole. "Sikutenga fedha ya ukaguzi, ndege ikalala karakana tangu Juni hadi Agosti" inaonyesheka, na mwakani inazuilika.

Kuna hatari ya wiki ya mwisho ambayo lazima niitaje. Ukifungua daftari tarehe 28 Desemba ukakuta umebakiza saa 3 kufikisha 100, lifunge. Usikodi ndege kwa sababu ya namba. Sisemi usiruke Desemba. Ruka kama kuna siku nzuri na jambo la kufanyia mazoezi. Ninachokataa ni rubani kupaa akiwa na deni la kalenda, maana mwenye deni hugeuka nyuma akiwa amechelewa.

Malengo mapya yaandike siku hiyohiyo, yasizidi manne, kila moja likianza na kitendo ambacho mikono yako inakiweza. Lamu ibaki, ila iondolee tarehe, na pembeni yake andika masharti: mwonekano kiasi gani, mawingu yasishuke chini ya wapi, mafuta ya akiba ya muda gani zaidi ya nusu saa ambayo kanuni zinaidai mchana. Lengo moja liwe la injini kuzimika. Cessna 172 huteleza kilomita 2.7 hivi kwa kila futi 1,000 za urefu juu ya ardhi, hewa ikiwa tulivu. Kila mwezi mkufunzi airudishe nguvu ya injini bila kukuonya, nawe uchague shamba, ueleze kwa nini lile na si la jirani yake, na uifikishe ndege mahali ambapo wote wawili mngeamini ingetua. Rubani aliyefanya hivyo mwezi kwa mwezi amefanya kazi kubwa kuliko aliyeongeza nchi mpya kwenye ramani yake, na nitalisema hilo mbele ya yeyote klabuni.

Kisha mpelekee mkufunzi karatasi aisome ukiwa umekaa mbele yake. Atafuta kitu na atatia kitu, mwachie kalamu. Weka naye miadi ya wiki ya kwanza ya Januari na ulipe kabla ada za shule hazijafika. Upepo wa kaskazini-mashariki utakuwa unavuma, joto limepanda, na mkiomba njia ya 14 ya Wilson, mnara ukikubali, utawajia ubavuni moja kwa moja.